Picha, Mwongozo na Msomaji: Thamani ya Usomaji wa Fasihi Ikitazamwa kutoka Nuu

Utangulizi

Ni desturi katika mijadala ya fasihi nchini Kenya kuilaumu picha. Wanafunzi hawasomi, husemwa, kwa sababu runinga, video na sasa simu ya mkononi vimewapokonya muda na hamu. Lawama hii ina umri mkubwa kuliko simu yenyewe. Runinga ilianza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka 1962, kabla ya uhuru. Kituo cha KTN kikafuata mwaka 1990. Na katika kila hatua hawakukosekana waliokitabiria kitabu mauti. Kitabu hakijafa. Hata hivyo, kule kudumu kwa kitabu hakuthibitishi kwamba kinasomwa. Swali ambalo lawama hiyo hailiulizi ni hili: mtu anaposoma, hufanya kazi gani ambayo mtazamaji haifanyi? Na je, ni picha pekee iwezayo kumwondolea kazi hiyo?

Makala haya yanayaangalia maswali hayo kutoka Nuu, katika kaunti ya Kitui, mahali palipo mbali na vyuo vikuu, maduka makubwa ya vitabu na majumba ya sinema. Mahali pa namna hiyo hoja ya usomaji hupimwa kwa haki, kwa kuwa huko kitabu hakiwezi kutetewa kwa mazoea ya tabaka la wasomi. Dai linalojengwa ni kwamba thamani ya kusoma imo katika kazi ya kufasiri, kazi ambayo msomaji huifanya mwenyewe na kwa mali yake mwenyewe. Na kwamba kazi hiyo inatishwa zaidi na mwongozo, yaani ufasiri ulioandaliwa na mtu mwingine, kuliko inavyotishwa na picha.

Neno na Picha katika Ukambani

Nuu iko upande wa mashariki wa mji wa Mwingi, chini ya vilima vyenye jina hilohilo. Ni nchi kavu. Watu hupanda ndengu, mtama na kunde wakitazamia mvua ambayo aghalabu huja pungufu. Mito hutiririka kwa siku chache za mwaka, na siku zilizosalia maji hufukuliwa mchangani. Kiutawala, eneo hili lilikuwa sehemu ya wilaya ya Mwingi iliyomegwa kutoka Kitui mwaka 1993, kabla ya kurudi chini ya Kitui serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013.

Ni rahisi kudhani kwamba maandishi yalizifikia sehemu hizi kwa kuchelewa sana. Historia yasema vingine. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Kitui mwaka 1849 akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara iliyoteremka Mombasa. Kufikia mwaka 1850 tafsiri ya Krapf ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilikuwa imekwisha kupigwa chapa Ujerumani. Basi Kikamba kilikuwa miongoni mwa lugha za kwanza za bara ya Kenya kuwekwa kitabuni, zaidi ya miaka arobaini kabla ya reli kuanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Lakini kitabu hicho kilikuwa na kasoro moja kubwa: karibu hapakuwa na Mkamba aliyeweza kukisoma. Kitabu kilimtangulia msomaji. Tukio hilo lina funzo ambalo watunga sera za elimu wamelisahau mara nyingi, kwamba kuwepo kwa kitabu na kuwepo kwa msomaji ni mambo mawili tofauti.

Picha nayo haikuletwa Ukambani na umeme. Uchongaji wa sanamu za mbao, unaohusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliwafanya Wakamba wajulikane ulimwenguni kwa kazi ya macho na mikono. Kwa hiyo hoja inayoigawa jamii kuwa ya neno kwa upande mmoja na ya picha kwa upande wa pili haipati ushahidi hapa. Pamoja na uchongaji palikuwa na masimulizi ya jioni, mbano, yaliyokusanywa baadaye na wasomi kama John Mbiti, mzaliwa wa Mulango katika Kitui (1931), ambaye kitabu chake Akamba Stories kilitoka mwaka 1966, na Mwikali Kieti na Peter Coughlin, waliochapisha utafiti wao juu ya fasihi simulizi ya Wakamba mwaka 1990.

Katika masimulizi hayo ya jioni kuna jambo moja linalohusu mada hii moja kwa moja. Zimwi wa hadithi hakuwa na sura iliyokubaliwa na wote. Mtambaji alitaja jicho, ukucha au sauti, kisha akaendelea. Sehemu zilizobaki zilijazwa na kila mtoto gizani, kwa hofu aliyokuwa nayo. Watoto kumi waliokaa kwenye moto mmoja waliondoka na mazimwi kumi. Mhakiki Mjerumani Wolfgang Iser alipofafanua, katika miaka ya 1970, kwamba matini ya fasihi huishi kwa mapengo ambayo msomaji huyajaza, alikuwa akieleza kwa istilahi za chuo kikuu jambo ambalo hadhira ya mbano ililitenda bila kulipa jina. Kusoma hadithi ni kuurithi uhuru huo wa gizani. Thamani ya kwanza ya kusoma ni hii: hakuna amwoneshaye msomaji zimwi, ni lazima alione mwenyewe.

Sauti Juu ya Picha

Ikiwa hivyo ndivyo, inaelekea kwamba picha, kwa kuwa huonyesha, huua uhuru huo. Tajiriba ya Afrika Mashariki inaitatiza kauli hii. Filamu za kigeni zilipoenea katika vibanda vya video vya miji midogo na masoko ya vijijini, watazamaji hawakuridhika na picha peke yake. Walidai sauti. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Uganda wasimulizi wa video wamekuwa na mashabiki wao wenyewe. Na nchini Kenya jina la DJ Afro hufahamika hata na watu wasioweza kumtaja mwigizaji mmoja wa filamu anazozisimulia. Mambo haya si ya Afrika pekee. Japani, katika enzi ya filamu zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, ambao umashuhuri wao ulishindana na ule wa waigizaji.

Msimulizi wa filamu hastahili dharau. Yeye ni fanani. Huwapa wahusika wa Hong Kong majina ya mtaani, huwatia vinywani methali na mizaha, huikaripia tabia ya mhalifu kana kwamba anamkaripia jirani. Hutafsiri, lakini pia hutunga. Mafanikio yake yanathibitisha kwamba picha haijitoshelezi. Jicho likishaona, sikio bado lauliza maana yake ni nini. Hapa hoja ya kuwa picha imelishinda neno inapoteza nguvu. Katika kibanda cha video, neno ndilo lililoitawala picha.

Lakini ni neno la nani? Mtazamaji anayesikiliza filamu iliyosimuliwa hupokea picha za mtu mmoja na maana za mtu mwingine. Hana njia ya kulinganisha usemi wa msimulizi na usemi wa wahusika, kwa kuwa usemi wa awali umefunikwa. Hawezi kurudi nyuma akauliza kama kweli mhusika alisema hivyo. Hupata burudani kamili, na burudani ni haki yake. Asichokipata ni nafasi ya kutofautiana na mfasiri. Nafasi hiyo ndiyo kitabu humpa. Msomaji asiyemwamini msimulizi wa riwaya anaweza kurudi ukurasa wa tatu akamkamata kwa maneno yake mwenyewe. Hii ni thamani ya pili ya kusoma, na pengine ni kubwa kuliko ya kwanza: maandishi hukaa mahali pamoja yakingoja kupingwa.

Mwongozo

Mambo haya yakikubaliwa, adui wa usomaji inabidi atafutwe pengine, mahali ambapo haonekani kuwa adui. Tangu mtihani wa kwanza wa KCSE ulipofanywa mwaka 1989, fasihi ya Kiswahili imefikishwa kwa vijana wengi wa Kenya kwa njia ya vitabu teule. Kila kitabu teule huzaa miongozo: vijitabu vyenye muhtasari wa kila sura, orodha ya maudhui, sifa za wahusika zilizopigwa nambari, na mbinu za lugha zilizotolewa mifano. Mwanafunzi wa Nuu, ambaye nakala moja ya riwaya huenda akaitumia pamoja na wenzake kadhaa, huuona mwongozo kuwa msaada wa kweli. Mwalimu mwenye madarasa mengi na muhula mfupi huuona vivyo hivyo. Hakuna sababu ya kuwalaumu. Lililopo ni kupima kile kinachopotea.

Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyokuwa kitabu teule mwishoni mwa miaka ya 2010, ni mfano mzuri. Riwaya hii inahusu watu waliong'olewa makwao na fujo za baada ya uchaguzi. Ridhaa hukutanishwa na msomaji akiwa tayari amepoteza. Moto umekwisha kupita na familia imekwisha kuangamia. Msomaji hulazimika kuokoteza tukio kutoka katika kumbukumbu za mtu aliyesimama penye majivu, kipande baada ya kipande, bila mpangilio wa saa. Ucheleweshaji huo si pambo. Ndio umbo la msiba, kwa kuwa aliyefiwa haikumbuki siku ya maafa kuanzia asubuhi hadi jioni. Huirudia kwa vipande visivyoungana.

Muhtasari hauwezi kuuhifadhi ucheleweshaji huu. Kazi yake ni kupanga: kwanza palikuwa na familia, kisha uchaguzi, kisha moto, kisha kambi. Kila sentensi ya muhtasari huo yaweza kuwa sahihi, na riwaya isiwemo. Ikumbukwe kwamba filamu nayo ingekabiliwa na kishawishi hichohicho cha kuanza na miali ya moto, kwa sababu miali hupendeza macho. Picha mbovu na mwongozo hukutana hapa: vyote viwili huondoa kungoja. Hata hivyo, mtengenezaji hodari wa filamu anaweza kuchagua kuanza na majivu. Mwongozo, kwa desturi yake, hauna uchaguzi huo. Msimulizi wa filamu huongeza, mwongozo hupunguza.

Hasara nyingine ni kubwa zaidi kwa msomaji wa nchi kavu. Kifo Kisimani, tamthilia ya Kithaka wa Mberia iliyotoka mwaka 2001, ni kazi ya mwandishi mwenye asili ya Tharaka, ng'ambo ya mto Tana kutoka pande za Mwingi. Katika nchi ya Butangi chini ya Mtemi Bokono, kisima ni suala la utawala, na Mwelusi, aliyeusemea umma, anauawa kisimani kwa mkono wa ndugu yake Gege. Mwongozo hueleza kwamba kisima ni ishara ya uhai na rasilimali. Maelezo hayo hayana kosa. Lakini kijana wa Nuu alikuwa akijua mengi zaidi kabla ya kuyasoma. Anakijua kisima cha mchangani ambacho hudidimia kadiri kiangazi kinavyokaza, hata mtekaji akalazimika kuingia ndani yake. Anaijua foleni ya punda na madebe. Anajua kwamba anayeinama kisimani hukipa kisogo kila kilicho nyuma yake, na kwa hiyo kisima ni mahali pa kumwamini ndugu. Ujuzi huu ungemwezesha kuusoma usaliti wa Gege kwa kina ambacho mhakiki wa mjini angekifikia kwa shida.

Mwongozo haumnyimi ujuzi huo. Unamfundisha tu kwamba haufai kuandikwa. Kwa kuwa jibu linalotarajiwa ni «ishara ya uhai», kijana hujizoeza kukiacha kisima chake nje ya chumba cha mtihani na kuingia na kisima cha kuazima. Akishafanya hivyo kwa miaka minne, huhitimu akiwa ameamini kwamba maana ya maneno huishi kwa watu wengine. Huu si upungufu wa kusoma uliosababishwa na skrini. Umesababishwa na karatasi.

Tamthilia Jukwaani na Vitabu Visivyotahiniwa

Pingamizi mbili zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba tamthilia huandikwa ili itazamwe. Basi maonyesho ya vitabu teule, yawe ya jukwaani au ya kurekodiwa, hayawezi kuhesabiwa kuwa hasara. Pingamizi hili ni la haki. Mwanafunzi aliyetazama Kifo Kisimani ikiigizwa amekutana na kazi hiyo katika makao yake halisi. Lakini maonyesho ni ufasiri mmoja. Mwongozaji amekwisha kuamua Gege atasita kwa muda gani na Mwelusi atageuka au hatageuka. Aliyesoma kabla ya kutazama ataona uamuzi huo na anaweza kuubishia. Asiyesoma atadhani ndivyo ilivyoandikwa. Kutazama kwa hiyo hakuhitaji kuzuiwa. Kunahitaji kutanguliwa au kufuatwa na ukurasa, ili mjadala uwe na mahali pa kurejea.

Pingamizi la pili ni kwamba kusoma peke yake, kimyakimya, ni desturi ya kigeni isiyoafiki jamii ya masimulizi. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza, katika Decolonising the Mind (1986), jinsi riwaya yake ya Kigĩkũyũ iliyotoka mwaka 1980 ilivyosomwa kwa sauti majumbani, katika magari na hata katika baa, watu wakisikiliza na kujadiliana. Ushahidi huu unaonyesha kwamba kitabu kinaweza kuwa cha kundi bila kupoteza sifa zake. Anayewasomea wenzake hana mamlaka ya msimulizi wa filamu: maneno yamo mkononi mwake wazi, na msikilizaji mwenye shaka anaweza kudai sentensi irudiwe. Tofauti ya msingi haiko kati ya upweke na ujamaa. Iko kati ya matini inayorudika na matini isiyorudika.

Kwamba Ukambani umewahi kuwa na wasomaji wasiosukumwa na mtihani kunathibitishwa na kisa cha David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni (1939). Katika miaka ya 1970 vitabu vyake vidogo vya Kiingereza chepesi, vilivyotolewa na shirika lake la Comb Books, vilinunuliwa na makarani, madereva na wengine ambao vyuo vikuu havikuwahesabu kuwa wasomaji. Wahakiki wengi walivibeza kwa uchafu wa mambo yake, na serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Ubora wake kisanaa utaendelea kubishaniwa. Lililo wazi ni kwamba wakati huo runinga ilikuwa imekuwepo Kenya kwa zaidi ya miaka kumi, na watu wale walitoa fedha zao wenyewe kununua maandishi yasiyokuwa na mwongozo, wakayafasiri, wakayacheka na kuyabishia wapendavyo. Walikuwa wasomaji kamili wa vitabu visivyo kamili. Mfumo wa vitabu teule umezaa mara nyingi kinyume chake.

Hitimisho

Suala hili lisichukuliwe kuwa la ladha ya fasihi pekee. Jirani na Nuu liko Bonde la Mui, ambako kupatikana kwa makaa ya mawe kulizusha mjadala mrefu wa ardhi, fidia na kuhamishwa kwa wakazi. Katika mambo ya namna hiyo mwananchi hufikiwa na hati. Daima hutokea mtu wa kumweleza hati inasema nini: afisa, wakala, mwanasiasa. Huenda maelezo hayo yakawa ya kweli. Lakini mtu aliyefunzwa shuleni kwamba maana ya maandishi hutolewa na mfasiri aliyekwisha kupitishwa hatakuwa na mazoea ya kusema, «Turudi kifungu kile, tukisome tena.» Riwaya na tamthilia ndizo mahali pa kujifunzia mazoea hayo bila hatari, kwa sababu msomaji anayekosea kumfasiri Gege hapotezi shamba.

Yafuatayo basi hayahitaji kuvunja runinga wala kuzima simu. Watahini wanaweza kuuliza maswali ambayo jibu lake halimo katika muhtasari: kwa nini tukio limecheleweshwa, na kungekuwa na tofauti gani lingetangulizwa, mtahiniwa anakijua kisima cha namna gani, na ujuzi huo wabadilisha nini katika kifo cha Mwelusi. Walimu wanaweza kuutumia mwongozo baada ya kitabu, kama maoni ya msomaji mmoja yanayoweza kukosolewa darasani, na kuutumia usimulizi wa filamu vivyo hivyo, kwa kuwauliza wanafunzi wangeisimulia vipi picha ileile. Huduma ya maktaba ya taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965 na iliyofika hadi Mwingi, na hadi Kinyambu katika Makueni, haina budi kupimwa kwa idadi ya vitabu visivyotahiniwa vinavyotoka mlangoni, wala si kwa idadi ya wanafunzi wanaotafuta meza ya kudurusia.

Mwaka 1850 kitabu cha Kikamba kilikuwepo na msomaji hakuwepo. Baada ya zaidi ya karne moja na nusu, shule zipo, vitabu vipo ingawa ni vichache, na kijana wa Nuu anajua herufi zote. Akifunzwa kungoja mtu wa kumwambia zilizoandikwa zina maana gani, atakuwa amerudishwa pale alipokuwa Kivoi mbele ya karatasi za Krapf: mwerevu, mwenye mali ya ujuzi, na mtegemezi wa mkalimani.